Chakula cha Mtu Mmoja

Hamadi mwanangu,

Assalaam alaykum. Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Alasiri hii umetoka hapa mzima, umevaa shati lako la buluu, umepanda pikipiki kwenda Vitongoji kumuaga shangazi yako. Anayeandika ni mdogo wako Hidaya, kwa sababu vidole vyangu vya mkono wa kulia vimekakamaa na havishiki tena kalamu. Maneno ni yangu. Yeye ananinyooshea Kiswahili, maana ndivyo walimu wake walivyomfundisha, na kila nikisema neno la kwetu ananitazama na kuuliza, "Mama, niandike hivyo hivyo?" Nimemwambia anyooshe maneno, asinyooshe habari.

Kesho asubuhi unakwenda Mkoani kupanda meli, na ukifika Unguja utavuka kwenda Dar es Salaam kuwa mpishi wa nyumbani kwa watu. Sitakwambia namna ya kunoa kisu wala namna ya kumjua samaki aliyelala. Hayo unayajua, na mengine siku hizi unayajua kuliko mimi. Kuhusu sala pia sitakwambia kitu, kwa sababu nimekwambia tangu ulipokuwa mdogo na kurudia leo ni kama kukutilia shaka. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kifuani tangu siku ile uliyopata kazi.

Siku hiyo uliingia ndani ukicheka, hata viatu hukuvua.

"Ni watu wanne tu, mama," ulisema. "Bwana hali wali wala mkate. Bibi hali nyama. Watoto kila mmoja ana chakula chake na wakati wake. Mpishi waliyekuwa naye amekimbia."

Hidaya akakuuliza, "Na wewe hutokimbia?"

"Nikimbie nini? Miye nimezaliwa humo. Nyumba hii nani anakula na mwenzake? Kila mtu na sahani yake chini ya kawa. Nakwenda kufanya kazi ya kwetu hasa."

Hidaya alicheka, na mimi nikacheka. Hukusema kwa ubaya, najua. Ulisema kama mtu anavyosema kwao kuna minazi. Lakini niliingia jikoni nikasimama mbele ya zile kawa tatu zilizotundikwa ukutani, na nikashindwa kukumbuka nilichokifuata.

Na leo, ulipokuwa unatoka, umesimama mlangoni ukasema, "Mama, niwekee chini ya kawa. Nitakula nikirudi." Hicho ndicho chakula chako cha mwisho katika nyumba hii, na sijui kingine kitakuwa lini, kwa sababu kazi yako haina ruhusa ya Idi katika mwaka wa kwanza. Ninachokiogopa ni hiki: kwamba utarudi, utachukua sahani yako uende nayo chumbani kama kawaida, ukimaliza utaiosha vizuri kama nilivyokufundisha, kisha asubuhi utaondoka ukiamini kwamba ndivyo watu wanavyokula. Kabla hujaondoka nataka ujue mambo haya yalianzia wapi. Hayakuwa ya kwetu. Niliyaleta mimi kutoka kazini.

Baba yako alipokuwa hai tulikula sinia moja. Ulikuwa mdogo na huenda hukumbuki. Alikuwa akikuchambulia samaki, anatoa miiba, anakusogezea upande wako, na wewe ulikuwa ukiiba upande wake huku ukidhani hakuoni. Hidaya alikuwa bado yumo tumboni. Baba yenu alipofariki nilikaa eda hadi nilipojifungua, na Hidaya alipopata nguvu kidogo ndipo Bi Raya alipokuja kunitafuta.

Bi Raya alikuwa binti wa Mzee Seif, yule mzee aliyerudi kutoka Maskati akajenga nyumba ya vigae kando ya barabara ya kutoka Chake. Mkewe alikuwa amekufa hukohuko, na watoto wake wote walikuwa nje. Bi Raya alikuwa amekuja likizo, amekula pilau yangu katika harusi moja, akataka nimpikie baba yake. Alinipa masharti tukiwa tumesimama jikoni.

"Chumvi hapana, daktari amekataza. Nazi kidogo. Chakula kinachobaki kisitoke nje ya lango. Na wewe usikae kula na mzee."

Nikauliza, "Hilo la mwisho kwa nini, Bi Raya?"

Akacheka. "Mama Hamadi, wewe mjane na yeye mgane, na pilau yako tumeila. Baba yetu tunamjua sisi."

Niliona haya hata nikaangalia chini. Lakini nilikuwa na nyinyi wawili, nikakubali yote.

Siku ya kwanza nilipika kama nilivyojua kupika. Sufuria la wali, changu wa kukaanga, mchuzi wa pweza, mboga, na ndizi za kiungo juu yake. Nilipanga meza yote. Mzee Seif alikuja akakaa, akavitazama vyakula mwanzo hadi mwisho, akaniuliza, "Mama Hamadi, wenzangu wako wapi?"

"Wenzako gani, mzee?"

"Wa kula hichi."

Ndipo nilipofahamu kwamba sijui kupika chakula cha mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kunifundisha. Mama yangu alipima mchele kwa mkono, na alipomaliza kuhesabu watu wa nyumba aliongeza ukufi mmoja wa mtu asiyemjua, ambaye huenda akapita njia. Mimi nilipima vilevile, na kila siku katika nyumba ile chakula kilibaki, na kwa kuwa hakikuruhusiwa kutoka nje, nilikifukia nyuma ya banda kama mtu anayeficha mzoga.

Mzee alikuwa na mazoea yake. Kila nilipoweka chakula mezani, kabla hajanawa, alisema, "Karibu, Mama Hamadi." Nami nilijibu, "Starehe, mzee," nikarudi jikoni. Unajua mwenyewe tunavyosema. Mtu akikukaribisha chakula na wewe huli, unamwambia starehe, akae kwa raha yake asisumbuke kwa ajili yako. Ni neno la adabu. Nililisema asubuhi, mchana na usiku. Wakati mwingine alinitania.

"Starehe gani hii, nala peke yangu kama mfungwa?"

"Bi Raya atanifukuza, mzee."

"Raya nimemlea miye. Akikufukuza nitamchapa."

"Yuko Maskati, utamchapa vipi?"

"Kwa simu. Si ndivyo anavyotutawala sisi?"

Tulicheka, kisha nikarudi jikoni.

Usidhani mtu mmoja ana kazi ndogo, Hamadi. Utafika huko uone. Niliondoka hapa kukiwa na kiza, nikamkoroge uji wake usio na sukari, nikimbilie sokoni Chake kabla samaki wazuri hawajachukuliwa. Nikiwa sokoni Bi Raya hupiga simu ya video. "Hebu nioneshe mashavu ya huyo samaki. Mekundu? Msogeze." Wachuuzi walinicheka, wakaniita mpishi wa televisheni. Sijafika nyumbani, kaka yake Bi Raya hupiga kutoka Dubai, amesoma mahali kwamba baba ale shayiri na asile samaki kabisa. Nikishapika shayiri, mdogo wao hupiga kusema shayiri inamletea baba gesi. Ijumaa hutokea jamaa wa Wete bila kutoa habari, wanataka biriani, na mzee bado ana mchuzi wake usio na chumvi kwenye jiko la pembeni, na lazima nisichanganye miiko. Nikirudi hapa usiku nilikuwa nanuka vitunguu hadi kwenye nywele, na Hidaya alikuwa ameshalala kwa jirani.

Polepole nikajifunza. Nilinunua kisufuria kidogo. Mkono wangu ukajua mchele wa mtu mmoja, usizidi wala usipungue. Sahani ilirudi jikoni tupu na hapakuwa na cha kufukia. Bi Raya alinisifu, akasema sasa nimekuwa mpishi wa kisasa, na mimi nilijivuna, mwanangu. Nilijiona nimepata elimu.

Elimu hiyo nikaileta nyumbani. Wewe ulikuwa unatoka skuli na kwenda chuoni kusoma Kurani, Hidaya yuko kwa jirani, mimi sipo. Basi nilipika alfajiri nikapakua sahani tatu, kila moja na kawa yake, ili kila mmoja akirudi akute chake. Mwanzoni ilikuwa msaada. Lakini hata siku nilizopumzika, tukiwa sote watatu ndani, nilipakua hivyohivyo. Siku moja, na hii nadhani hukumbuki, ulichukua sahani yako ukaja ukaiweka ubavuni mwa yangu. Ukasema, "Mama, tuchanganye."

Nikakwambia, "Kila mtu na sahani yake. Utamwaga."

Ukairudisha pale ilipokuwa, ukala. Sikulitia maanani. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na furaha kwamba mkeka ni msafi.

Hidaya ameacha kuandika kidogo. Sasa anaendelea.

Mwaka wa mwisho Mzee Seif alianza kuacha chakula. Nilidhani ni chumvi. Nikatia ndimu, nikatia ukwaju, tangawizi, pilipili manga, kila kilichoruhusiwa. Alionja akasukuma sahani. Watoto wake walipiga simu kila siku, kila mmoja na dawa yake, na mimi nilipika dawa zote. Kisha siku moja mchana alinyanyuka na sahani yake mkononi, akatoka nje akakaa kwenye barza ya nje ya lango. Alipita kijana wa pikipiki.

"Karibu," mzee akamwambia.

Kijana alisimama. "Chakula gani, mzee?"

"Kibaya, hakina chumvi. Kaa tule."

Kijana akazima pikipiki, akanawa, akakaa. Nilikuwa nawaona kutoka dirishani. Walikula sahani ile moja, chakula kilekile nilichompikia jana na juzi akakikataa, wakaimaliza. Mzee aliniita, "Mama Hamadi, kimebaki?" Hakikubaki. Nilikuwa nimepika cha mtu mmoja.

Akafanya hivyo kesho yake na siku zilizofuata. Mara kijana wa pikipiki, mara mwalimu mstaafu, mara mtu anayepita na kuni zake. Mimi nikaanza kuongeza mchele kimyakimya. Uso wake ulirudi. Lakini katika watu waliopita alikuwamo mmoja aliyempigia simu Bi Raya kumpongeza kwa ukarimu wa baba yake, na Bi Raya akanipigia mimi.

"Baba anakula na watu wa barabarani, Mama Hamadi? Mikono yao imetoka wapi? Akipata maradhi utanijibu nini?"

"Anakula vizuri sasa, Bi Raya."

"Wakati wa chakula lango lifungwe kufuli."

Nikasema sawa.

Hakuna aliyekuja kulifunga. Nililifunga mimi, kwa mkono huu ambao leo hauandiki. Mzee alitoka na sahani yake kama kawaida, akafika langoni, akalitikisa kidogo. Alisimama pale na chakula mkononi.

"Lango hili lina nini?"

"Bi Raya amesema lifungwe, mzee."

"Raya yuko Maskati. Wewe uko hapa."

Nikatafuta la kusema. Nikamwambia, "Mzee, na mimi nina watoto." Niliwataja nyinyi, Hamadi. Nyinyi ambao wakati ule mlikuwa hapa, kila mmoja mbele ya sahani yake.

Alinitazama, wala hakukasirika. Akasema, "Haya, Mama Hamadi. Starehe basi."

Akarudi ndani. Tangu siku hiyo nilipoweka chakula mezani hakusema karibu tena. Alinawa, akaonja, akanyanyuka. Alifariki hospitali ya Chake kabla ya mvua za masika. Daktari alisema ni moyo, na mimi si daktari, siwezi kusema alikufa kwa lango. Pengine angekufa siku ileile hata kama lingekuwa wazi. Ninachojua ni kwamba alikula vizuri siku chache katika miaka niliyompikia, na siku hizo hazikutokana na upishi wangu.

Siku ya hitima watoto wote walikuja. Lango lilikuwa wazi, ua mzima umetandikwa mikeka, na watu wamezunguka masinia kutoka ukutani hadi ukutani. Nilipika mimi na wanawake wengine. Bi Raya alipita huku na huku macho yamevimba, akiwaambia watu wasiowajua, "Karibuni, kuleni, kaeni." Alinikumbatia jikoni akasema, "Baba angefurahi." Nikamwambia, "Ndiyo." Kijana wa pikipiki alikuwamo ndani ya ua, sinia ya karibu na mlango, na alipomaliza kula alinitazama mimi, akainamisha kichwa, akaenda zake. Sijui alikuwa anafahamu nini.

Watu wote wa hapa wanaijua habari hii na hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa mfanyakazi, nilitii. Hata mimi sikujilaumu sana, nilijisemea ni kazi. Miaka imepita nikipika nyumba nyingine, nikifikiri yale mambo yamebaki kule kwenye nyumba ya vigae. Mpaka uliposema, unacheka, viatu miguuni, kwamba unakwenda kufanya kazi ya kwetu.

Sikwambii uwavunjie watu masharti yao. Ni nyumba yao, na huenda wana sababu ambazo mimi na wewe hatuzijui. Bwana asiyekula wali pengine anaumwa. Mtoto anayekula saa yake pengine hana wa kumngoja. Wapikie kila mmoja chake, na upike kwa moyo. Ila utakapokuwa na mlango wako mwenyewe, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga, usiende nao mkono ule. Mimi sikujua kwamba mkono unajifunza kitu kazini na hauulizi ruhusa kukileta nyumbani. Na wakikuagiza jambo, mtazame aliye mbele yako kabla hujamjibu aliye kwenye simu. Sisemi utaweza. Mimi sikuweza. Nasema umtazame.

Leo nimepima mchele wa usiku. Nimefumba macho nikasema nipime kama mama yangu, na mkono umekataa. Umepima mtu mmoja, mtu mmoja, mtu mmoja, mara tatu. Nikachukua kopo lote la mchele nikalimimina chunguni bila kupima. Hidaya amesema, "Mama, hichi ni cha harusi." Nimemwambia aache, akakae aandike.

Sahani yako sijaipakua. Utakaporudi utatafuta kawa na hutaikuta. Nakujua, hutauliza. Huenda ukasema shangazi amekulisha, umeshiba, unataka kufunga begi. Huenda ukapakua mwenyewe kidogo uende nacho chumbani, uufunge mlango. Sitakulilia wala sitakwambia habari ya Mzee Seif, kwa sababu sitaki ule kwa kunihurumia. Nitakachofanya ni hiki. Ukipita na sahani yako, nitainyanyua sinia, Hidaya atashika upande wa pili, tutakufuata. Tutabisha hodi. Tutaiweka sakafuni, hapo pembeni mwa begi lako, na mimi nitakaa chini, na magoti yangu unayajua, nikikaa sinyanyuki upesi. Ukitaka tutoke utatuambia na tutatoka. Nimeshafunga lango mara moja katika maisha yangu, mwanangu, sitaki kusimama tena upande wa pili wa mlango nikijifanya nina adabu.

Barua hii Hidaya ataitia begini mwako sasa hivi, chini ya nguo, kabla hujarudi. Utaikuta melini, au siku utakapopanga nguo zako huko. Kwa hiyo wewe unayesoma unajua kama ulisogea au ulitwambia tutoke. Mimi ninayesema bado sijui. Jua linakwenda, chungu nimekishusha, na Hidaya anasema anasikia pikipiki barabarani, lakini kila pikipiki leo anasema ni wewe.

Mungu akuongoze na akurejeshe.

Mama yako anayekungoja,
kwa mkono wa Hidaya